Umeme wa ghorofa za zamani: maswali yenu kutoka Arusha na Moshi

Mwezi huu meseji nyingi zimetoka kwa watu wanaokaa kwenye ghorofa za zamani za katikati ya mji, Arusha na Moshi, na karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa njia tofauti: umeme wa jengo umezeeka, tuanzie wapi? Nimechagua chache zinazogusa wengi. Majina nimeyaacha.

Fyuzi ilikuwa inaungua kila jioni, sasa haiungui ila kuna harufu

*Shikamoo fundi. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunakaa ghorofa ya pili hapa Arusha mjini sio mbali na Soko Kuu, jengo ni la zamani sana, wazee wanasema lilijengwa kabla ya uhuru. Tuna zile fyuzi nyeupe za kauri za kuchomoa. Nikiwasha shawa ya moto huku jiko la presha linapika fyuzi inaungua. Akaja fundi wa mtaani akaweka waya mnene, sasa haiungui tena ila ukuta juu ya mein swichi unakuwa wa moto na kuna harufu kama ya mpira unaoungua. Baba mwenye nyumba anasema tubadilishe soketi inatosha. Ni kweli?*

Marahaba mama. Kwanza kabla hujamaliza kusoma hapa zima mein swichi, na usiiwashe tena mpaka fundi mwenye leseni afike. Najua usiku mmoja bila umeme na watoto ni shida, lakini ukuta wa moto na harufu ya mpira vikija pamoja maana yake waya ndani ya paipu umeshaanza kuungua, na huko ndani huuoni.

Sasa nikueleze kilichotokea. Majengo ya miaka hiyo yalifungwa waya zenye koti la mpira, sio plastiki ya PVC ya saivi. Mpira ule kadri unavyopata joto miaka na miaka unakauka, unakuwa kama udongo mkavu, ukiukunja kidogo unapukutika shaba inabaki uchi. Alafu jengo lenyewe lilipigiwa hesabu ya balbu chache, redio, pasi, labda friji moja. Chukua shawa yako, nyingi ni wati 5500, ukigawa kwa volti 230 unapata kama ampia 24 hiyo shawa peke yake. Ongeza jiko la presha la wati 1000, ongeza birika la wati 2000, uko kwenye ampia 37 na bado hujahesabu friji na pasi ya mtoto wa shule. Na joto la waya halipandi sawasawa na mzigo, mkondo ukiongezeka mara 2 joto linapanda mara 4, ndo maana waya uliovumilia miaka 50 unaweza kuungua ndani ya msimu mmoja wa baridi.

Fyuzi yako ilikuwa inaungua kwa sababu ilikuwa inafanya kazi yake. Ule uzi mwembamba ndani ya kauri umewekwa pale makusudi uwe kitu dhaifu kuliko vyote kwenye njia nzima, mzigo ukizidi ukatike wenyewe kabla waya za ukutani hazijaungua. Fundi alipoweka waya mnene hakutibu kitu, aliondoa mlinzi, sasa kitu dhaifu kuliko vyote kimekuwa ni waya uliojificha ukutani kwako. Naona hii karibu kila jengo la zamani ninaloingia na inaniumiza sana, kwa sababu mtu analipa hela yake akiamini ametengenezewa. Na wale wanaong'oa breka ya ampia 20 wanaweka ya 40 bila kugusa waya wanafanya kosa hilohilo kwa vifaa vipya.

Soketi mpya hazitasaidia mama. Mwambie baba mwenye nyumba kwa heshima kabisa kwamba flati inahitaji waya mpya kuanzia kwenye mita: njia kubwa ya kuja kwako iongezwe unene, ufungiwe DB, yaani boksi la kugawia umeme, yenye breka mbalimbali, taa zitembee na waya wa 1.5 (milimita za mraba) kwenye breka ya ampia 6 au 10, soketi waya wa 2.5 na breka ya 20, na shawa iwe na njia yake peke yake, waya wa 6 na breka ya 32, isichangie na kitu chochote. Waya za zamani zing'olewe au zikatwe kabisa pande zote mbili, zisiachwe ukutani zikiwa bado na umeme huku mpya zinapita pembeni. Kama kuta ni nene na hataki kuchimba, trunki za plastiki za kupitishia waya juu ya ukuta zinatosha, hazipendezi sana lakini ziko salama na hata kukagua ni rahisi.

Mpaka hiyo kazi ifanyike, shawa isiwashwe. Chemsheni maji kwa gesi.

Bomba la bafuni linapiga shoti

*Habari kaka fundi. Niko Moshi mjini, flati za zamani, napanga na mdogo wangu. Tangu jengo libadilishiwe mabomba ya chuma yakawekwa ya plastiki, nikishika koki ya bafuni wakati shawa inawaka napata shoti, sio kubwa ila inatetemesha mkono. Fundi mmoja kasema nivae ndala wakati wa kuoga. Tuna ELCB, ile swichi ya kukata umeme ukivuja, kwenye mein swichi, mbona haikati?*

Dada yangu, ndala sio dawa. Sabuni ikimwagika, ndala ikavuka, umesimama na miguu mitupu kwenye maji, mwili mzima umelowa, hapo hiyo shoti ndogo haitakuwa ndogo tena. Zima shawa kwenye breka yake na usiitumie.

Umenipa jibu mwenyewe kwenye barua yako. Zamani mafundi walikuwa wanafunga waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, kwenye bomba la maji la chuma, na lilifanya kazi vizuri tu maana bomba lilikuwa limelala ardhini mita nyingi. Lilipoondolewa likaja la plastiki, ethi ya jengo zima ikakatika siku hiyohiyo na hakuna aliyeona kwa sababu taa ziliendelea kuwaka kama kawaida. Shawa yako inawezekana ilikuwa inavuja toka zamani, ila umeme ulikuwa una njia ya kwenda chini, sasa hauna, umebaki unasubiri mtu ashike koki. Kwa hiyo sio wewe tu, majirani zako wote wa hilo jengo hawana ethi, waambie leo.

Kuhusu ELCB, nenda kaiangalie kwa macho tu usiifungue. Kama ina sehemu mbili za kufungia waya zimeandikwa herufi E na F, hiyo ni ile aina ya zamani inayosubiri umeme upite kwenye waya wa ethi wenyewe ndo ikate. Ethi ikikatika imekuwa kipofu. Na hata ethi ikiwepo, umeme ukipita mwilini mwako ukaingia sakafuni moja kwa moja haioni kitu. Ya kisasa, ambayo dukani bado wengi wanaiita ELCB hivohivo, inapima umeme unaokwenda na unaorudi, tofauti ikifika milampia 30 inakata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, haijali umeme umepotelea wapi. Ukienda dukani sema unataka ya milampia 30, soma kwenye uso wake imeandikwa 30mA, ukipewa ya 100 au 300 irudishe, hizo ni za kuzuia moto sio za kulinda mtu.

Lakini isiishie hapo. Jengo lichimbiwe ethi rodi yake ya shaba, na huku kwetu mlimani sehemu nyingi ukichimba kidogo unakuta mawe, fundi anapata uvivu anaikata rodi nusu anaifukia. Mkatalieni. Rodi iingie yote, ikigoma sehemu moja ihamishwe, na mahali pazuri ni panapobaki na unyevu, sio pale uani palipokauka kama majivu. Alafu ipimwe kwa mashine, na ipimwe tena kiangazi maana ardhi ikikauka ethi inadhoofika, rodi iliyopimwa wakati wa masika pekee haijakuambia ukweli wote.

Ukishafungiwa, kile kitufe cha T bonyeza kila baada ya miezi michache. Isipokata, imekufa.

TV tatu zimeungua kwa mpigo

*Mambo vipi fundi. Jengo letu lina flati 12, Arusha, umeme wa fezi tatu. Jumapili usiku taa za kwangu ziliwaka kali sana kama zinataka kupasuka, jirani wa mbele kwake taa zikawa hafifu kama mshumaa. Baada ya dakika chache TV yangu ikafa, na za wengine wawili, na friji moja. Watu wanasema umeme ulikuja mkubwa kutoka kwenye nguzo. Nani atulipe?*

Pole sana ndugu, na majirani pia. Kabla ya kuulizana nani alipe, angalieni hicho ulichokiona mwenyewe, kwako kali kwa jirani hafifu kwa wakati mmoja. Umeme mkubwa wa kutoka kwenye nguzo ungewapandisha wote. Hiyo ni dalili ya nyutro, ule waya wa kurudishia umeme, iliyokatika au kulegea, na kwenye majengo ya zamani ya fezi tatu hiki ndicho kitu ninachokiogopa kuliko vyote.

Kawaida kila flati inapata fezi moja, yaani waya unaoleta umeme, na nyutro, volti 230. Kati ya fezi na fezi kuna volti 400. Nyutro ya pamoja ikiachia, flati yako na ya jirani aliye fezi nyingine zinajikuta zimeunganishwa kama foleni kwenye hizo volti 400, na zinagawana kulingana na mzigo: aliyewasha birika na pasi anapata volti chache, wewe uliyewasha TV na taa mbili unapata nyingi, hata zaidi ya 300. Aliyekuwa na matumizi madogo ndo anayeunguliwa. Breka hazikati kwa sababu ampia hazijazidi, kilichozidi ni volti.

Sasa ilikatika wapi? Nendeni kwenye bodi la mita pale chini ya ngazi, msifungue kitu, tazameni tu kwa tochi. Kwenye majengo ya umri huo mara nyingi utakuta boksi la chuma lenye kutu, waya za flati zote zimekusanywa zikabanwa na skrubu moja, juu yake tepu nyeusi imeyeyuka inang'aa kama lami, na plastiki ya waya imegeuka kahawia karibu na skrubu. Ile rangi ya kahawia ni jointi iliyokuwa inachemka kwa miaka. Ikiwa hitilafu iko upande wa kabla ya mita, ni ya TANESCO, wapigieni na msiguse sili zao hata kama mnaona kabisa waya umelegea. Ikiwa ni baada ya mita, ni ya jengo. Suala la fidia linategemea hapohapo, kwa hiyo fundi mwenye leseni akague kabla hakijarekebishwa chochote, piga picha, andikeni tarehe na saa. Mkirekebisha kwanza ushahidi umepotea.

Kwa kulinda flati moja moja kuna kifaa kinafungwa kwenye DB kinakata volti zikipanda au zikishuka kupita kiasi, kifungeni. Ila dawa yenyewe ni kubadilisha hilo boksi lote na ile njia kubwa inayopanda juu, nyutro isiwe nyembamba kuliko fezi, kila flati ipate sehemu yake ya kubana, na mafundi wakimaliza wapange flati 4 kwa kila fezi ili mzigo uwe sawa. Na asitokee mtu akaweka breka au fyuzi kwenye nyutro peke yake, hiyo ni kukata nyutro kwa makusudi.

Mkiona tena taa zinafanya hivo, mein swichi chini mara moja, flati zote.

Wenye flati hatuelewani

*Fundi, mimi ni mmoja wa wamiliki, jengo lina wamiliki 9 Arusha mjini. Wawili tushabadilisha waya ndani kwetu kwa gharama kubwa. Wengine wanasema wao hawana tatizo. Njia kuu na bodi la chini ni la zamani hakuna anayetaka kugharamia. Tufanyeje? Na je itabidi watu wahame?*

Mzee wangu, mmefanya vizuri ndani kwenu lakini mtaendelea kulala juu ya moto wa wengine, maana waya mpya wa flati yako bado unakula kwenye bodi lilelile na nyutro ileile, na moto wa ghorofa ya chini unapanda kwa ngazi ileile unayotumia kutoka. Kwenye ghorofa umeme haugawanyiki kwa milango.

Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2008 inasaidia hapa. Mwenye flati anamiliki flati yake na pia ana fungu lake kwenye vitu vya pamoja, na wamiliki wanakuwa na umoja wao wa kusimamia hivyo vitu. Njia kuu ya umeme, bodi la mita, ethi, taa za ngazi, hivyo vyote ni vya pamoja. Kama umoja wenu haujaundwa au umelala, hiyo ndo kazi ya kwanza, tafuteni wakili awape utaratibu, kisha gharama za vitu vya pamoja zigawanywe humo. Asiye na tatizo leo naye ana fungu.

Kinachowashawishi watu sio maneno, ni karatasi ya vipimo. Lipieni ukaguzi mmoja wa jengo zima, fundi apige mega, ile mashine inayosukuma volti 500 kwenye waya kuona koti linazuia kiasi gani. Isipofika megaohm 1 waya huo haufai. Jirani akiona namba ya flati yake imeandikwa pale anaongea lugha nyingine.

Jiandaeni kwamba ramani ya waya haitakuwepo. Majengo mengi ya mjini yamepita mikono mingi, mengine yalichukuliwa na serikali kwa sheria ya 1971 iliyogusa majumba yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, 1990 yakaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, baadhi yakaja kuuzwa. Kila aliyepita aliongeza waya wake. Kwa hiyo fundi atatumia siku kadhaa kufuatilia tu nini kinaenda wapi, msimwone anapoteza muda, na mwishoni awachoree ramani mpya ibandikwe ndani ya bodi.

Kuhama hakuna haja. Bodi la chini na njia kuu mpya vinajengwa pembeni huku vya zamani vinafanya kazi, kisha TANESCO wanakuja kuhamisha, hapo mtakaa bila umeme siku hiyo. Baadaye flati kwa flati. Na mkikokotoa mzigo msihesabu wa leo tu. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliotoka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, majiko ya umeme yanakuja mengi, na Arusha Juni na Julai saa 11 na nusu alfajiri jengo zima linawasha shawa kwa pamoja. Waya wa njia kuu ukiwa mnene kidogo kupita mahitaji ya leo hamtachimba ukuta mara mbili.

Rangi za waya na waya feki

*Kaka mkubwa shikamoo, mimi ni kijana najifunza ufundi Moshi. Kwenye jengo la zamani nimekuta waya wa buluu una umeme. Nimezoea buluu ni nyutro. Na pili, waya feki naujuaje?*

Marahaba mdogo wangu, na nimefurahi umeuliza kabla hujashika. Rangi za zamani fezi tatu zilikuwa nyekundu, njano na buluu, nyutro nyeusi, ethi kijani. Za sasa ni kahawia, nyeusi na kijivu, nyutro buluu, ethi kijani yenye mstari wa njano. Umeona hatari iko wapi, buluu na nyeusi zimebadilishana kazi. Kwenye jengo lenye waya za vizazi viwili rangi haikuambii chochote, pima kila waya kwa mita ya volti, na sio kwa kalamu ya testa peke yake. Pale mpya inapokutana na ya zamani weka alama inayosomeka, mwenzako atakayekuja baada ya miaka 10 asife.

Waya feki kwangua ncha kwa kisu. Ndani ikiwa nyeupe ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Rola likiwa jepesi kuliko kawaida lishuku, sumaku ikivuta kuna chuma. Angalia unene ulioandikwa, wengine wanaandika 2.5 na ndani ni 1.5 na koti limenenepeshwa. Nunua wenye alama ya TBS, kwa duka linalotoa risiti.

Na uanze mapema kutafuta leseni yako EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, leseni hiyo ina madaraja kulingana na ukubwa wa kazi. Kwa sasa fanya chini ya mtu aliye nayo. Wasomaji wengine nanyi, fundi akija mwombeni hiyo leseni muisome daraja lake, sio kosa kuuliza.

Ikiwaka tayari?

*Fundi, bodi la ngazi likiwaka moto tunamwagia mchanga au maji?*

Maji hapana. Kama mein swichi inafikika bila kupita kwenye moto, zima. Kama haifikiki achana nayo, gongeni milango wote mtoke, funga milango nyuma yenu moshi usipande, piga 114 Zimamoto na wajulishe TANESCO wakate kwenye nguzo. Mchanga mkavu unasaidia moto mdogo wa chini, kwenye bodi lililo ukutani haushiki. Nunueni mtungi wa kaboni dayoksaidi au wa unga, utundikwe karibu na mlango wa kutokea na sio juu ya bodi lenyewe, kwa sababu bodi likiwaka hamtaufikia.